Foleni Fupi ya Katesh

Tangu duka la jumla hapa Katesh liwe na mashine ya kusoma ile mistari myeusi ya kwenye bidhaa, foleni ya siku ya mnada imebaki hadithi. Dada wa kaunta haulizi tena bei kwa kupaza sauti, wala hapandi stuli kuangalia kama sabuni imebaki, mashine inamwambia. Anageuza paketi kwa mkono wa kushoto, mashine inalia, anasema "karibu tena" bila kuinua macho. Mikono yake ni myepesi kama ya mtu anayechambua maharage.

Jana mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa kijiji cha Gendabi na paketi ya majani ya chai. "Shikamoo, bibi," dada alimwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu." Dada akapitisha paketi, mashine haikulia. Akarudia. Nikaanza kukereka, nina haraka zangu. "Inagoma," alisema. "Mvua imefika huko?" "Imefika. Maharage yametoa maua." "Na pale kwetu, tangu mama afariki, nani analima?" "Margwe. Amepanda mahindi mpaka mlangoni." Akapitisha tena, polepole, ndipo nikaona: kidole gumba chake kilikuwa kimefunika ile mistari. "Mpaka mlangoni," alisema, akakiondoa. Mashine ikalia. Bibi akaenda zake. Zamu yangu ilipofika, chumvi yangu ilisomwa papo hapo. Mimi ni mtu wa Dongobesh, habari za Gendabi sina.