Supu ya Uboho na Vidonge vya Mariamu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, mzee Rajabu alipoingia nyumbani kwangu Nyamugari wakati sufuria ya supu iko motoni. Gitega nzima inanijua kwa nyama. Shule niliiacha darasa la nne, lakini bucha niliianza na kisu cha kuazima na leo ninazo mbili, na nikigonga mfupa mara moja nakuambia kama ni wa ng'ombe mzee au ndama. Basi ugonjwa wa mifupa ulipobisha hodi kwetu, nikajiona daktari.

Mgonjwa alikuwa mdogo wangu Mariamu, aliyeolewa Mwakiro, kule Muyinga. Alipauka, fizi zikatoka damu, ngozi ikajaa vidoa vyekundu. Hospitalini walimchoma sindano nyongani, wakavuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa. Wakakuta umekaribia kwisha. Daktari akasema kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoushambulia. Wakamwongezea damu, wakampa vidonge vya kupunguza nguvu ya hiyo kinga, nami nikamchukua akae kwangu.

Kupunguza kinga! Mtu hoi kitandani, unampunguzia nini tena? Nikavifungia vidonge kabatini, sikumuuliza mtu. Uboho si ndio kazi yangu? Nikawa nampa supu yake asubuhi na jioni, na juu yake dawa chungu ya sokoni, ya kuongeza kinga. Mariamu alikunywa yote. Aliniamini, maana hajawahi kuniona nashindwa kitu.

Siku ya kumi na mbili ndipo akaja baba mkwe wake, huyo mzee Rajabu, na mkungu wa ndizi kutoka Mwakiro. Ujana wake wote alikuwa Tanzania, akiosha vizimba vya panya weupe wa maabara. Shule yake fupi kuliko yangu. Hata hakukaa. Alimshika Mariamu sikio taratibu, akaligeuzia mwanga wa dirisha.

"Dawa zake ziko wapi?"

"Bon, mzee, mi nampa kitu bora. Hii supu..."

"Nimeuliza dawa, bwana nyama."

Mariamu akatazama kabati. "Kaka," akasema, na sauti ilikuwa imeisha, "mpe."

Mzee alivihesabu vile vidonge kiganjani, vyote, kisha akaniambia polepole: "Kijana, wale wataalamu walikuwa wanachukua chembe za kinga za panya mmoja, wanamdunga mwingine wa ukoo tofauti. Zinaingia mifupani, zinaua uboho. Baada ya wiki chache, masikio meupe kama karatasi. Kama haya. Mizoga naokota mimi. Lakini kuna waliodungwa vilevile, kisha wakapewa dawa ya kutuliza zile chembe. Hao wengi niliendelea kuwalisha. Sasa wewe hapa unamlisha nani? Mkwe wangu, au kinachomla?"

Mwanangu, niliipua sufuria motoni. Dawa chungu niliimwaga uani, tukampakia Mariamu kwenye gari kurudi hospitali. Daktari alinigombeza mbele ya wauguzi, nikainamisha kichwa. Akaongezewa damu, vidonge vikaanza upya. Ilichukua miezi mingi, na kila mwezi yule mzee alikuja kutazama masikio. Leo Mariamu analima maharage yake Mwakiro, na akija Idi namwekea supu. Anaipenda. Lakini anameza kidonge kwanza, huku ananikazia macho, na maji ya kukimezea namletea mimi.

Basi nisikilize. Ukipewa dawa usiyoielewa, rudi kwa aliyekupa umuulize inafanya nini, hata mara tatu. Usiikatize kwa kichwa chako, wala usimwongezee mgonjwa nguvu kabla hujajua ni nani ndani yake atakayeipata. Na mtu akikujia na mkungu wa ndizi, usimpime kwa viatu vyake.

Mungu aijaze mifupa yenu damu njema, na awape wazee wa kuwakemea mapema.