Mtafsiri wa video na dada aliyetupa upanga

Leo nimegombana na mtafsiri wa kibanda cha video hapa Nzuguni, wala sijutii.

Mkanda ulikuwa katuni ya Kijapani. Dada wawili wanawinda mashetani, kisha shetani anamwingia yule mdogo.

Mtafsiri akanguruma kwenye maiki: "Dada mtu anasema, huyu si ndugu yangu tena, auawe!"

Vijana wakashangilia. Kisha wakageuka kumtazama Nyemo.

Nyemo ana kifafa. Mtaa mzima, pamoja na ninyi mliosoma, mnasema ana pepo. Alikuwa benchi la mbele na dada yake, Mwaja. Akainamisha kichwa.

Nikasimama. Nikamwambia mtafsiri kwamba maneno hayo hayamo kwenye mkanda, maandishi ya Kiingereza yako hapo chini ya picha, asome.

"Mama, kasome gazeti lako nyumbani. Hapa watu wamelipa kiingilio."

Kibanda kizima kikacheka. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikakaa.

Mwaja ndiye aliyeinuka. "Kaka, rudisha mkanda nyuma. Na maiki uizime."

Mtafsiri akarudisha, akidhani atamuumbua.

Safari hii tuliona wenyewe. Dada mtu akatupa upanga, akamkumbatia mdogo wake, moto wa yule shetani ukawachukua wote wawili.

Hakuna aliyecheka.

Nyemo akainua kichwa, akamgeukia dada yake. "Na wewe ungeutupa?"

"Ningeutupa. Hebu tazama."

Mlioshangilia mumo humu kwenye ukurasa wangu, nawajua. Haya, andikeni hapa chini kwamba Nyemo ana pepo, na muweke majina yenu.