Siku Kwaya Ilipolala kwenye Lami

Binti yangu anasoma chuo hapa Louisville, Marekani, na yeye na wenzake walitengeneza setilaiti ndogo ya kuipiga picha dunia. Ukubwa wake ni kama boksi la viatu. Mimi napanga maboksi ghalani Okolona kutwa nzima, kwa hiyo aliponionyesha sikushtuka.

Ilirushwa salama, ikaanza kutuma mawasiliano, kisha kifuniko cha kamera kikagoma kufunguka. Wiki tatu mtoto hakula vizuri. Akaniambia Jumamosi saa nne na nusu asubuhi itapita juu ya mji na watajaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, mradi unafungwa. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa raha kazini.

Kosa langu ni kumwambia mke wangu. Alisikia neno moja tu, picha, na kanisani kwetu hakuna picha bila sare. Kufika Ijumaa, kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imeshona kitenge kimoja cha rangi ya chungwa, cha kuumiza macho. Mdogo wa mke wangu aliye mji wa Buffalo alinuna kwamba wao hawakupewa zamu.

Jumamosi wakajipanga kwenye maegesho ya kanisa, Beechmont, warefu nyuma, wafupi mbele. Kiongozi wao, mama wa Bukavu, Kongo, akatazama juu, akawaza, kisha akachanganya na Kifaransa chake.

"Bon, ile kitu iko juu. Itaona bilemba tu. Donc, tulale."

Wakalala chali mistari minne, wakitabasamu. Nilikasirika. Nikasema mimi mtu mzima silali kwenye lami.

"Baba, mtoto wako anahangaika, wewe unaogopa kuchafua suruali?" mke wangu akauliza. Nikalala.

Kumbe jirani aliona watu wamelala hawatikisiki, akapiga simu. Gari la zimamoto likaja na king'ora. Mzimamoto akamwinamia mke wangu, akamuuliza anaumwa wapi.

"Sogea, unanizibia," akamjibu kwa Kiingereza chake chote, bila kuacha kutabasamu.

Mchana binti akaingia mbio na simu mkononi. Kifuniko kilifunguka. Picha ilikuwa ya kijivu tupu, na mto umepita kama uzi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, nami nikajikuta nalia.

Mke wangu akavaa miwani. "Sisi tuko wapi?"

"Mama, haioni watu. Picha ni vidoti vidoti, na kidoti kimoja hapo kinameza kanisa, maegesho na nyumba za majirani."

"Kidoti kipi?"

Binti akakuza picha, akahesabu kutoka mtoni, akaweka ncha ya ukucha kwenye kidoti kimoja. Mama yake akakitazama muda mrefu, kitenge bado kina vumbi mgongoni.

"Kwa hiyo tumo," akasema.

Binti alifungua mdomo kueleza tena habari za vidoti, akaufunga.

"Mmo, mama. Wote."