Taa ya Kinyozi wa Mogogosiek

Danson Njenga amewanyoa watu wa Mogogosiek tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Babake alikuja huku kutoka Murang'a kuuza nguo sokoni, akabaki. Danson akazaliwa, akakua, akaoa Chepkorir, msichana wa Boito, na siku hizi akikasirika ni Kikipsigis, lugha ya huku, kinachomtoka kwanza. Duka lake ni chumba kimoja chenye vioo viwili. Kwa baridi ya huku, kila mteja akiingia husema, "Funga mlango, bwana."

Mwaka juzi alianza kukohoa. Ilikuwa TB. Alimeza dawa hadi mwisho, Chepkorir akimsimamia kama askari, na daktari akamwambia amepona. Lakini habari ya ugonjwa hukimbia kuliko habari ya kupona. Wateja walipita mlangoni wakiangalia upande wa pili. Aliyebaki ni Mzee Mathew, aliyestaafu kutoka kiwanda cha majani chai. Jumamosi zote aliingia na kumsalimu, "Chamgei, Njenga. Nyoa hii kichwa ikae kama ya mtu wa kanisa."

Binti yao Shirley, anayefanya kazi ya maabara Nakuru, ndiye aliyeleta taa ya UV. Kazini kwao, chumba kikiwa kitupu, huwasha kama hiyo na mwangaza wake huua vijidudu hewani na juu ya meza.

"Baba, unawasha, unatoka, unafunga mlango," alimwambia. "Ikiwaka hakuna mtu ndani. Hata paka."

"Nimesikia."

Alisikia, lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kila alipokohoa kidogo, hata kama ni unywele tu umemwingia kooni, moyo wake uliruka. Aliamini mle kifuani kumebaki masalia. Basi alasiri moja ya mvua, mteja hakuna, alifunga mlango, akavua shati, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuiwasha taa immulike kifua na uso. Kama inaua vijidudu vya mezani, alijiambia, vyangu vitaishinda vipi? Akaimba wimbo wa kanisa hadi ubeti wa mwisho, halafu akaimba mwingine.

Kufikia wakati wa chakula cha jioni macho yalikuwa kama yametiwa mchanga, na uso umekuwa mwekundu. Asubuhi Chepkorir alimshika mkono hadi zahanati.

"Haya ni macho ya fundi wa welding asiyevaa miwani," daktari alisema. "Ulikuwa unachomelea nini, mzee?"

Danson akasema ukweli. Daktari akamweleza kwa upole kwamba mwangaza ule haufiki mapafuni, na hata ungefika usingepata kitu cha kuua. Macho yatapona baada ya siku chache. Taa ni nzuri, akasema, lakini itumike chumba kikiwa kitupu, na madirisha nayo yafunguliwe.

Chepkorir alicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Walipofika nje, akalia.

"Danson, mimi nalala na wewe kitanda moja. Nakunywa chai na kikombe yako. Kwa nini hukuniuliza kama umepona?"

"Niliogopa utasema bado."

Jumamosi Mzee Mathew alikuta duka limefungwa, akaja nyumbani. Alimkuta Danson sebuleni, mapazia yamefungwa, kitambaa machoni.

"Sasa mimi nitanyolewa na nani?"

"Ningojee, mzee. Nitapona."

Mathew akamtazama kichwa. "Hata wewe umemea kama shamba ya mtu mvivu. Kweli kinyozi hajinyoi. Lete hiyo mashini ya kunyoa."

"Umewahi kunyoa mtu?"

"Nimenyoa kondoo."

Kiganja cha mzee kikatua utosini mwa Danson, kizito, kikamshika imara. Muda mrefu Danson alikuwa ameamini kwamba watu wanaogopa hata kumgusa. Akatulia kama mtoto. Mashini ilipozimwa, kichwa chake kilikuwa na vilima na mabonde kama huku Konoin kwenyewe.

Alipofungua duka tena, watu walikuja kuona kichwa walichosikia habari zake. Wa kwanza alisimama mlangoni akicheka, wa pili akaingia, na Danson akawasimulia mwenyewe habari ya taa, bila kuficha. Mmoja akaketi kitini na kusema, "Ninyoe. Lakini si kama ulivyonyolewa."

Siku hizi mchana hufunga mlango, huwasha taa na kuketi nje barazani na wateja wake, wakingoja chumba kisafishwe. Wakirudi ndani hufungua madirisha yote, na wakilalamikia baridi huwaambia wavae koti.

Chepkorir alimsihi aende kwa kinyozi wa Bomet arekebishwe kichwa. Alikataa. Alikiacha kimee chenyewe, polepole, kila mtu akikiona.