Bei Iliyotoka Chini ya Shuka

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu sikuwahi kutaja bei ya mnyama kwa mdomo. Katika soko la mifugo hapa Isiolo, watu wa umri wangu huuza kwa vidole. Unampa mnunuzi mkono, mnaifunika mikono kwa shuka, na mazungumzo yote yanafanyika humo ndani. Kidole kimoja kikishikwa kina maana yake, kiganja kizima kina maana yake, na waliosimama pembeni hawaambulii kitu. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla hata ya kuniruhusu kuchunga. Idadi nayo haitajwi. Mtu akikuuliza una mbuzi wangapi, unajibu kwamba Mungu ametoa, na kama ana adabu haulizi tena.

Nayatanguliza haya kwa sababu nusura yaniponze, mwaka ule ambao mvua za vuli hazikunyesha.

Dada yangu ni mjane na anaishi Kulamawe. Malisho yalipoisha huko aliwapakia madume wake wote wa mbuzi kwenye lori, akaniletea mjini, akabaki na majike tu. Dereva hakuwa hata amezima injini na tayari dada alikuwa ameshaniambia yote.

"Ndugu yangu, uza hawa wakiwa bado wanasimama. Nipate nyasi ya kulisha majike mpaka mvua. Majike wakifa, mimi sina boma tena. Nitakuja kukaa kwako nikingoja sahani."

Alisema bila kulia. Nilimjua tangu utotoni: angependa kulala njaa kwake kuliko kushiba kwangu.

Sokoni kila mtu alikuwa anauza na hapakuwa na wa kununua. Dalali mmoja, ambaye tunaswali safu moja msikitini, aliingiza mkono chini ya shuka langu akashika vidole viwili. Nikadhani amekosea. Akarudia.

"Hiyo ni bei ya ngozi," nikamwambia.

"Maalim, kwani kuna nyama hapo? Hiyo ni mifupa inatembea. Wiki ijayo nitashika kimoja."

Nikawarudisha mbuzi nyumbani. Katika stoo yangu kulikuwa na nyasi ya siku kumi, labda kumi na mbili nikibana. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilipitisha kiganja mgongoni mwa kila dume, na kila siku uti wa mgongo ulikuwa umepanda juu zaidi kuikuta ngozi.

Karibu na msikiti kuna mwanamke mwenye duka la simu. Nilimfundisha Kurani chuoni akiwa mtoto wa miaka saba. Sasa ana watoto wanne, na anauza mabuibui kwa simu hadi Garissa na Nairobi. Nilimwomba anifungulie ukurasa mtandaoni.

"Kufungua ni dakika tano," akasema. "Kujifunza ndiyo kazi. Utakubali nikufundishe, Maalim?"

Nikasema nitakubali. Ukweli ni kwamba sikujua nimeahidi nini, kwa sababu ukurasa ulipofunguka nilishukuru, nikaenda zangu, nikaona yaliyobaki nitayaweza mwenyewe.

Niliwapiga mbuzi picha kutoka nyuma, nyuso zao zisionekane, kwa kuogopa jicho la husuda. Chini yake nikaandika: "Mbuzi wazuri wapo, alhamdulillahi. Njoo tuzungumze." Sikuandika bei wala idadi. Kwangu hilo lilikuwa tangazo la mtu mwenye heshima.

Majibu yalianza kabla ya adhuhuri. Mmoja aliuliza kama ninauza mbuzi ama mikia. Mwingine aliandika, "Bei ni siri ya serikali?" Wa tatu hakufanya mzaha. Aliandika neno moja: "Tapeli."

Nilikaa na ile simu mkononi. Nimeshika funguo za msikiti kwa miaka mingi, watu huniachia amana zao wakienda safari, na mtoto wa watu nisiyemjua ananiita tapeli mbele ya ulimwengu. Nikaamua kuufunga ule ukurasa. Sikujua unafungwaje. Hilo peke yake ndilo lililouokoa.

Asubuhi iliyofuata dume mmoja hakuamka. Alikuwa yule mwenye baka jeusi shingoni, ambaye dada yangu alimlea kwa mkono. Nilimzika nyuma ya nyumba, nikanawa, nikaenda dukani.

Yule mwanamke alikuwa ameshasoma kila kitu. Hakucheka. Alinivutia stuli, na yeye akabaki amesimama, kama nilivyokuwa nikisimama mimi mbele yao.

"Tuseme mimi ni mtu wa Nanyuki," akasema. "Sikujui. Sijui kama unaswali, sijui kama una nyumba. Nimeona mikia. Nitume pesa ya mafuta nije kwa mikia?"

"Nikitaja bei, madalali wote wataijua."

"Waijue."

"Na jicho?"

"Ulitufundisha tujikinge na jicho kwa nini, Maalim?"

"Kwa dua."

"Basi soma dua. Halafu taja bei."

Jibu lilikuwa langu mwenyewe.

Alikuja nyumbani na mizani ya kuning'iniza. Tukawapima mbuzi mmoja mmoja, maana mnunuzi wa mbali hawezi kupapasa mgongo, anataka kilo. Kisha akashika simu na kuniambia niongee, nionyeshe meno, nipapase kidari, niseme ninachokijua. Meno na kidari havikunishinda. Kila nilipofika kwenye bei, niliinamisha macho.

"Tena," akasema.

"Nimekosa wapi?"

"Umesema bei ukiangalia chini. Mtu ataona kuna kitu unaficha. Tena."

Nikarudia. Nikasahau uzito. Nikarudia, nikasahau idadi. Nikarudia, nikataja bei kwa sauti ya mtu anayetubu.

"Ulinichapa mara tatu kwa herufi moja," akasema. "Hii ni ya nne na bado sijakuchapa. Tena."

Ya tano ilikubalika. Nilisema kilo, nikasema bei ya kilo, nikasema wako wangapi, huku nikitazama kile kijicho cha simu. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa shuka barabarani. Yule mwanamke akaiweka video mtandaoni, na dalali akanipigia kabla ya magharibi.

"Maalim, umetuvua nguo sote."

"Mimi nimevua zangu tu," nikamjibu, na simu ikakatwa.

Siku ya pili alipiga mtu wa Nanyuki mwenye hoteli ya nyama choma.

"Habari mzee. Wale mbuzi wa video, ni hao hao nitakuta?"

"Ni hao. Wamepungua kidogo tangu wapigwe picha. Nitawapima tena mbele yako."

"Sawa. Alhamisi saa sita mchana niko hapo. Usiuzie mtu."

"Sitauza."

Mwanafunzi wangu, ambaye sasa ni mwalimu wangu, alinionyesha jinsi ya kuandika chini ya video kwamba mbuzi wote wameshachukuliwa. Nikaandika. Watu wawili waliouliza baada ya hapo niliwajibu hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi nyasi iliisha. Dada yangu alifika na lori kutoka Kulamawe, tayari kununua marobota ya nyasi na kuondoka nayo siku hiyo hiyo, kwa kuwa majike wawili walikuwa wameshaanza kulala chini. Saa sita ikafika. Saa saba ikapita. Nilipopiga simu ya mtu wa Nanyuki, haikupatikana. Nikapiga tena baada ya swala ya adhuhuri. Haikupatikana.

Saa nane mlangoni pangu palisimama pikapu. Alishuka dalali. Hakunisalimia kwa maneno mengi, alinyoosha mkono, na mimi kwa mazoea nikaufunika kwa shuka. Akashika kiganja kizima, kisha akaongeza vidole. Alikuwa anazidi bei niliyoitaja mtandaoni, mradi tu biashara irudi chini ya shuka.

"Wote," akasema. "Sasa hivi. Dada yako aende na nyasi jua likiwa juu."

Dada yangu alikuwa amekaa kando ya zizi. Aliliona shuka likicheza, hakuona kilichomo ndani. Kwa desturi yetu hakupaswa kuuliza, na hakuuliza. Lakini mbuzi walikuwa wake, na majike waliolala chini kule Kulamawe walikuwa wake. Niliutoa mkono nje.

"Amenipa zaidi ya bei niliyotangaza," nikamwambia kwa sauti, dalali akisikia. "Mtu wa Nanyuki nilimwahidi. Hajafika, na simu yake haipatikani."

Dalali alikunja uso kana kwamba nimemtemea mate.

"Ulimwahidi mbele ya watu?" dada yangu akauliza.

"Mbele ya watu wengi. Siwajui."

"Mtu wa simu hana uso, mama," dalali akasema. "Nikitoka kwa hiyo geti, bei inarudi chini."

Dada yangu aliwatazama mbuzi kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa anatafuna kamba.

"Irudi," akasema. "Tunangoja mpaka alasiri."

Adhana ya alasiri ilipolia niliswalia uani. Nilipofika rakaa ya tatu sikujua kama ni ya tatu ama ya nne, nikalazimika kumaliza na sijda ya kusahau, jambo ambalo halikuwa limenipata kwa miaka. Nilipotoa salamu, dalali alikuwa bado kwenye geti.

Gari lilikuja dakika chache baadaye, limejaa vumbi hadi kwenye vioo.

"Mzee, samahani," akasema aliyeshuka. "Tairi mbili zimepasuka, na simu ikazima kwa kupigia mafundi njia nzima. Nilijua nitakuta umeuza."

Tukaitundika mizani. Watatu walikuwa wamepungua kilo, nikazisoma kwa sauti jinsi zilivyopungua, na bei ikashuka kwa hao watatu. Dalali alisogea karibu, akawa anasoma namba naye. Lori la nyasi liliondoka jua likiwa bado halijazama, dada yangu amekaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata nilimkuta dalali dukani kwa mwalimu wangu. Alikuwa anauliza, kama mtu asiyejali sana, ile video inapigwaje.

"Kaa hapo nyuma ya Maalim," mwanamke akamwambia. "Yeye mwenyewe bado hajamaliza."

Mvua ilichelewa, lakini ilikuja. Nilienda Kulamawe kumwona dada yangu, nikamkuta nyumbani kwake, akanipikia chai kwa maziwa ya mbuzi wake mwenyewe. Ukiniuliza majike wangapi waliiona ile mvua, hapo nitakujibu kama baba alivyonifundisha. Mungu ametoa.