Pakacha Tupu la Sichana

Mwaka wa sabini na moja, pakacha tupu lilining'inia kwenye ua wa shamba letu mpaka likakauka, likawa linalia upepo ukipiga.

Hakuna aliyethubutu kuliangua. Watu wazima wakilifikia wanahamia upande wa pili wa njia.

Mimi najua lilikuwa la nani. Na najua kitu kingine, ambacho hata marehemu mume wangu sikumwambia.

Niliolewa kutoka Bwejuu, nina miaka kumi na saba. Baba wa mume wangu, Mzee Pandu, alikuwa kapewa eka tatu njia ya Chwaka baada ya Mapinduzi. Wakwe wakikaa kijijini. Mimi na mume wangu Muhiddin tukikaa bandani, shambani, tukilinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu.

Mchele miaka ile ulikuwa wa kuotea ndoto. Muhogo ndio uliotuweka hai.

Na shamba lile lilikuwa na desturi yake. Masika, kila nyumba inatoa mtu mmoja apalilie siku tatu. Muhogo ukikomaa, kila nyumba inasuka pakacha lake na kulitundika kwenye ua wetu. Alhamisi mama mkwe, Bi Mwanamkasi, anapita anayajaza: muhogo, ndizi, majimbi, kilichojaaliwa. Hilo ndilo fungu lako.

Masika ile, Matar, mume wa jirani yetu Sichana, akaanguka mnazini.

Mnazi wetu. Alikuwa akituangulia nazi zetu. Hakuomba hata maji.

Sichana akaingia edani. Miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki. Palizi ikampita yumo ndani, na siku ya mafungu ikamkuta bado yumo ndani.

Pakacha lake alilileta mwanawe Mize, miaka sita. Jamani, lilikuwa limesukwa kuliko yote! Kama la harusi.

Bi Mwanamkasi akajaza la kwanza, la pili, la tatu. Akafika la Sichana, akaliruka.

"Mama, hilo limebaki," nikasema.

"Nnaliona. Sina chongo."

"La Bi Sichana. Yumo edani."

"Asiyepalilia hana fungu."

"Mumewe kafa kwenye mnazi wetu, mama."

Akanitazama juu mpaka chini.

"We mwali, umekuja juzi na kisanduku chako, leo unagawa mali? Mnazi haukumwita mtu. Liache hapo hapo, wenziwe waone."

Mwanamke mmoja, Mwamvua, akadakia, "Eda haijazi chungu, shoga!"

Wakacheka. Mimi nikainama, nikajitia kuokota majani.

Mize alisimama chini ya pakacha lao mpaka watu wote wakabeba yao.

"Bibi, letu bado?"

"Lenu mwakani," akasema Bi Mwanamkasi.

Siku ya nne, alasiri, nikamuona yule mtoto. Kachutama mpakani mwa shamba, anafukua muhogo kwa kucha.

Akaniona. Akaganda kama mjusi.

Nikageuza uso. Nikajifanya nafunga kuni. Moyoni nikajisifu: mwache apate, maskini, mimi sikuona kitu.

Sikuuliza kwa nini mpakani.

Kumbe mstari ule Mzee Pandu alipanda muhogo mchungu, makusudi, nguruwe akionja asirudi. Kijiji kizima kinajua. Mize alizaliwa mjini, Ng'ambo, walikuwa wamehamia mwaka mmoja tu nyuma. Hakujua. Nami mgeni, sikujua.

Aliula mbichi, njiani. Njaa haingoji chungu.

Magharibi haijaadhiniwa, nikasikia ukemi nyumbani kwa Sichana.

Alimlilia mwanawe mlango umefungwa. Bi Mwanamkasi alipoletewa habari alikuwa anapara samaki.

"Mwizi kaiba sumu," akasema. Akaendelea kupara.

Nilimchukia! Kila nikipita chini ya lile pakacha najiambia: mwenye damu hii ni yule, si mimi.

Mwaka uliofuata Mzee Pandu akafa kwa homa, masika vile vile. Sasa zamu ya Bi Mwanamkasi kuingia edani. Muhiddin alikuwa kapata kibarua bandarini, anarudi Ijumaa tu. Mafungu nikagawa mimi.

Bi Mwanamkasi akatuma pakacha lake kama watu wengine.

Nikajaza yote. La kwake nikaliruka.

"La mkweo je?" akauliza Mwamvua.

"Asiyepalilia hana fungu."

Wakaangua kicheko. Wallahi nami nikacheka. Mwaka mzima nilikuwa naingoja siku hiyo.

Ndipo Sichana akatoka katikati ya watu. Mwaka ule alipalilia siku zake tatu bila kusema na mtu. Akaliangua pakacha lake jipya, nililolijaza, akalipeleka kwa la Bi Mwanamkasi. Akatoa muhogo mmoja, akatia. Akatoa mwengine, akatia. Mpaka nusu kwa nusu.

Kicheko kikakatika.

"Bi Sichana!" nikasema. "Unampa yule? Yule ndiye aliyemuua mwanao!"

Akanisogelea mpaka sikioni.

"Mwanangu hakufa papo hapo, bibie. Alizungumza. Kanambia, 'Mama, bi harusi wa shamba kaniona. Hakunigombeza. Kageuka, kaniachia.'"

Nikamshika kanga.

"Nilikuwa sijui kama mchungu!"

"Najua hukujua. Lakini ungemwita ukampa wa katikati ya shamba, ungempa mtamu. Uliogopa kuonekana unatoa."

Akanitwisha pakacha la Bi Mwanamkasi.

"Mpelekee. Mwambie limetoka kwa Mize."

Nikampelekea, nikamwambia vile vile. Bi Mwanamkasi aliutazama ule muhogo kama nyoka. Hakuugusa. Mwanamke aliyekuwa na njaa tangu juzi, akauacha mtamu ukaoza kizingitini.

Sichana alihama kabla ya mwaka kwisha. Lile pakacha kavu aliondoka nalo.

Wajukuu zangu, mnaosoma haya, msije mkajidanganya. Aliyesema "sikupi" watu wote walimsikia, wakamlaani. Mimi niliyegeuza uso nilikwenda kulala najiona mwema.

Siku hizi mtoto akinijia na njaa namshika mkono, namkalisha, namtilia sahanini mbele ya watu. Namtazama mpaka ale amalize.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mize.