Kitufe cha Pili cha Mama Kopi

Chini ya kila kipindi kwenye tovuti ya televisheni ya umma kuna vitufe viwili vya kupakua. Cha kwanza hutoa faili inayofunguka ndani ya programu ya kituo tu, na baada ya siku thelathini hujifunga. Cha pili hutoa faili ya umbizo huria, lisilo mali ya kampuni yoyote: hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na mwenye nayo humnakilia mwenzake kwa flashi. Kitufe hicho ni kazi ya mwanamke mmoja wa maktaba ya video ambaye wenzake humwita Mama Kopi.

Ana miaka hamsini na miwili na jozi mbili za miwani, na mara nyingi zote ziko kichwani huku akizitafuta mezani. Kila faili huijaribu kwanza nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu ya mama mkwe wake, yenye bawaba iliyofungwa kwa utepe wa kupimia nguo.

"Inacheza, mama?"

"Picha naiona, mwanangu. Sauti imekwenda wapi, sokoni?"

Basi faili hurudi ofisini kutengenezwa upya. Mama mkwe ameshatoa hukumu.

Mwezi uliopita mkuu mpya wa idara alimwita. Kitufe cha pili, takwimu zilionyesha, kilibonyezwa mara kumi na moja kwa mwezi.

"Mama, tusumbuke kwa watu kumi na mmoja? Ijumaa ijayo tunakiondoa."

"Hao ni wanaobonyeza, bosi. Wanaotazama huwajui."

"Nionyeshe, basi."

Hapo Mama Kopi alishikwa pabaya. Faili inayozunguka kwa flashi hairudi kujiandikisha kwenye tovuti. Akachukua somo la wiki hiyo la kipindi cha ushonaji cha kituo, la kupachika mkono wa shati, na mwishoni akaandika: Kama umepewa somo hili na mtu, tupigie. Akaweka namba ya mapokezi.

Jumatatu, kimya. Jumanne, simu mbili. Alhamisi dada wa mapokezi alipanda ngazi mwenyewe.

"Mama Kopi, nimekukosea nini? Watu wako hata chai hawaniachii ninywe! Huyu kapewa na shemeji yake, shemeji kapewa chuoni, chuoni wako arobaini!"

Ijumaa asubuhi mkuu alishuka mapokezi na Mama Kopi kuhakikisha. Simu ikalia, akaipokea mwenyewe.

"Ndiyo, mama… Hapana, sijui kwa nini mkono unavuta kwapani." Alisikiliza kwa muda, kisha akaifunika simu kwa kiganja na kumgeukia Mama Kopi. "Wako kumi na sita, kompyuta moja, intaneti hawana. Wiki ijayo wanaanza kola. Anauliza, somo watalipata kama walivyopata hili?"

"Hilo kaulizwa bosi, si mimi."

Mkuu aliondoa kiganja.

"Mtalipata, mama," alisema. "Vilevile kama hili."